Utando Usiotaka Moshi

Nyumbani kwangu Kiwalani, siku ya Alhamisi ilikuwa na harufu yake. Alasiri ikishaswaliwa natoa chetezo, natia makaa, naweka ubani na kijipande cha udi, halafu nazunguka nacho nyumba nzima: sebuleni, chumbani kwangu, ukumbini, mpaka chumba cha uani alichokuwa akifanyia kazi marehemu mume wangu. Pale ndipo nasimama zaidi. Nafukiza patasi zake, tupa zake, na lile jiliwa lake la kubania mbao, lililofungwa kwa bolti kwenye meza nzito ya mninga. Alikuwa mchongaji wa mpingo. Tulitoka naye kusini tungali vijana, akachonga mpaka mikono ikakataa, na katika maisha yetu yote kitu alichokuwa akikidai kwangu bila kuona haya ni harufu ya ubani usiku wa kuamkia Ijumaa. Alipofariki sikuona sababu ya kumkatia.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniita mkaidi bure. Mkaidi mie ni kweli, lakini si bure.

Katika chumba hicho cha uani akaja kuingia mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho. Aliletwa kutoka kusini kusoma chuo cha ufundi, mambo ya umeme mdogo, ule wa ndani ya redio na simu. Babu yake alimuwahi akiwa bado hajaota meno ya mbele ya pili, na kama mababu wote alikuwa akimwita mke wangu. Kwa hiyo mie namwita mke mwenza, na vita vyetu ni vya wake wenza.

"Mke mwenza, umekula usingizi mpaka jua limekuja kukuuliza hali."

"Shikamoo bibi. Nilikuwa nakuachia zamu ya kufagia, wewe ndiye mkubwa."

"Marahaba. Mkubwa hafagii. Mkubwa anahesabiwa takataka zilizobaki."

Ndivyo tulivyoishi. Nilimpa meza ya babu yake afanyie mambo yake ya chuo, kwa sharti moja: jiliwa lisiguswe. Lilikuwa limefungwa pale tangu mwenyewe alipolikaza mara ya mwisho, na kipande cha mpingo kimebaki katikati ya meno yake, kitu alichokuwa hajaamua kiwe nini. Sikutaka mtu akitoe.

Sasa nieleze alichokuwa akitengeneza, kwa namna nilivyokielewa. Wenye elimu watanisamehe.

Jioni moja alikuja na ubao wa kijani, ule ambao ukifungua redio unauona umejaa vidude. Akaniuliza, "Bibi, unaviona hivi vidogo kama dengu?"

"Naviona. Ulipoifumua redio ya babu yako niliviona vyote, na mpaka leo havijarudi ndani."

Akacheka, akaruka hilo. "Hiki kinaitwa kapasita. Kinashika umeme kidogo, kinauachia. Kinashika, kinauachia."

"Kama bahili."

"Bahili haachii, bibi. Sasa mie sitaki kikae juu ya ubao. Nataka nikitengeneze ndani ya ubao wenyewe, katikati ya matabaka yake, kisionekane kabisa."

"Kisionekane kwa nini? Kina aibu gani?"

"Kinakula nafasi. Huoni simu zinavyozidi kuwa nyembamba? Vidude vikiingia ndani ya ubao, juu panabaki peupe, unaweka vingine."

Hapo nikamwelewa, kwa sababu nimelea watoto sita katika vyumba viwili. Akaendelea kunieleza kwamba kapasita yake itakuwa na shaba mbili, nyembamba kama karatasi ya sigara, na katikati yake utando mwembamba kuliko unywele. Shaba hizo ni lazima zikaribiane sana, lakini zisigusane hata mahali padogo kama ncha ya sindano. Zikigusana, umeme unapita moja kwa moja na kazi yote imekufa.

"Si uziweke mbali?" nikamwambia.

"Zikiwa mbali hazishiki kitu cha maana. Lazima zikaribiane bila kugusana."

"Hayo ni mambo ya wachumba," nikasema, "na mwisho wake naujua."

"Ndiyo maana panatakiwa utando, bibi."

Mtoto ana mdomo yule. Sijui kautoa wapi.

Kazi hiyo ilipaswa kufanyika chuoni, kwenye mashine yao. Mashine ikaharibika, ikawa inasubiri kifaa kutoka nje. Wenzake wakabadilisha, wakachagua kazi za kuchora kwenye kompyuta. Mjukuu wangu akakataa. Mwalimu wake, na wala simlaumu, akampa kichupa cha unga mweupe wa kuchanganyia utando akamwambia: haya, jaribu kwa njia zako, lakini siku ya kuonyesha kazi ulete kitu kinachofanya kazi. Usipoleta, unarudia mwaka.

Hilo la kurudia mwaka lilifika kusini kwa simu, na binti yangu akajibu papo hapo, nikiwa nasikia: "Akirudia mwaka arudi nyumbani. Korosho huku hazijiokoti." Huyo ni mtoto wangu, amenirithi mie. Neno lake halina la pili. Kwa hiyo nilijua, na mjukuu alijua, kwamba ule utando usipokaa sawa, yeye anafunga begi.

Akaenda Buguruni akatafuta feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Akaikata mabawa, akabandika juu yake kipande cha shaba alichokisugua kwa siki mpaka kikang'aa kama sahani ya harusi. Unga ule akauchanganya na gundi na dawa ya kuilegeza, ukawa kama uji wa mgonjwa. Anadondosha tone katikati ya shaba, anawasha feni, shaba inazunguka, na uji unakimbilia pembeni wenyewe mpaka unabaki utando tu. Siku ya kwanza ulikimbilia pembeni ukaendelea na safari. Matone ya kijivu yako ukutani mpaka leo, na buibui langu lililokuwa limetundikwa mlangoni lina madoa ambayo shoga yangu wa dukani anasema ni nyota.

Utando ukishatanda, hauwezi kubandikwa shaba ya pili hapo hapo. Lazima ukae wazi kwanza, dawa iruke, mpaka unate kidogo kama halua iliyoanza kushika. Akiufunika na beseni unatoka jasho, unafanya malengelenge. Akiuacha wazi, chochote kinachopita hewani kinaweza kutua juu yake. Alikuwa akitundika chandarua, na juu ya chandarua kanga mbili. Ukishanata, ndipo anaweka shaba ya pili, halafu juu na chini kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi, anagandamiza kwa matofali mpaka kesho yake. Hapo unapata ubao mmoja, na kapasita imezikwa ndani.

Siku yake ya kufanya hivyo ilikuwa Alhamisi. Chuoni mchana huo hawana kipindi. Siku nyingine anarudi jua limeshazama, na chumba kile taa yake ni ya kuoneana aibu. Jumamosi na Jumapili haziwezekani, kwa sababu nyuma ya ukuta wetu kuna fundi wa mageti anasaga vyuma kutwa, vumbi lake linaingia mpaka kwenye chumvi. Basi ikawa Alhamisi. Ijumaa asubuhi anatoa ubao kwenye matofali, anaufunga kwenye kitambaa, anaupeleka chuoni. Huko alikuwa ameshaandaa nyaya, vidude vya kutoa mlio na spika ndogo. Kapasita ikiwa nzima, spika inalia mlio mwembamba. Ikiwa shaba zimegusana, kimya.

Mie huo mlio sikuwahi kuusikia. Nilikuwa najua kwa jinsi alivyovua viatu. Mtu mwenye habari njema anavirusha. Huyu alikuwa akiinama, anavifungua kamba taratibu, anavipanga mlangoni sambamba kama vya mgeni. Ijumaa baada ya Ijumaa, viatu vimepangwa.

"Vipi?"

"Kimya, bibi."

"Kuna wali."

"Nashukuru, bibi. Nitakula."

Na hali. Mie sikumbembeleza, sina kazi hiyo. Nilikuwa namwekea ukoko wa nazi chini ya kawa, naenda zangu kulala, asubuhi nakuta haupo. Hiyo ndiyo lugha yetu.

Jumamosi moja nafagia chumba cha uani nikaona kwenye ndoo ya taka ubao wake mmoja kati ya zile zilizokufa. Alikuwa ameupasua katikati aone ndani. Nikauokota. Nikaona kwenye ule utando vidoa vyeusi, vidogo sana, kama macho ya sisimizi. Macho yangu ya karibu si ya kuaminika, kwa hiyo nikafanya ninachofanya na samaki: nikanusa. Kwanza ikaja gundi, kali, inachoma. Halafu chini yake, polepole, ikaja harufu nyingine, na hiyo sikuhitaji kuambiwa. Ilikuwa Alhamisi yangu.

Nikamwita. Akaja na ndoo mkononi, alikuwa anafua.

"Hii nini?"

Akatazama chini.

"Nimekuuliza, mke mwenza. Hivi vidoa ni nini?"

"Masizi, bibi. Shaba zinagusania hapo."

"Masizi ya nini?"

Akaweka ndoo chini.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ule ubao wa pili."

Mie nikakaa kwenye kiti cha mchongaji. "Tangu wa pili! Na ukanyamaza. Ukaniacha kila Alhamisi napita hapa na chetezo changu, nakusalimia, nakufukizia na wewe kichwani!"

"Sasa ningekwambiaje, bibi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unamfukizia babu. Nije mie wa juzi nikwambie umwache babu kwa sababu ya kapasita? Nilijaribu kuziba. Nikaongeza kanga. Nikajaribu kuwahi kabla ya alasiri. Inaingia tu."

"Na mama yako ungemwambia nini ukifunga begi?"

"Ningemwambia nimeshindwa."

Nimewahi kugombana na watu wengi katika maisha yangu, na wengi walistahili.  Huyu naye angekuwa mkorofi ningemtandika kwa maneno. Lakini mtu aliyekuwa tayari kurudi kuokota korosho ili babu yake asikose ubani, unamwambia nini? Nikamwambia akamalizie kufua, sabuni inaisha bure kwenye ndoo.

Halafu nikachukua chetezo, nikakiosha majivu, nikakifunga kwenye kanga, nikakipandisha juu ya kabati chumbani kwangu. Sikumwambia. Alhamisi iliyofuata alasiri ikaja ikapita, mie nimekaa barazani nachambua mchele ambao ulishachambuliwa. Nyumba ikanuka kama nyumba ya mtu mwingine. Asubuhi yake nilikuwa nimepitia chumba cha uani kabla hajarudi kutoka chuoni, nikaweka mkono juu ya jiliwa, nikasema kwa sauti, maana marehemu alikuwa mzito kidogo wa sikio: "Mzee, vumilia. Ni mke wako mdogo huyo, na wewe ndiye uliyemdekeza."

Shoga yangu wa dukani aligundua kwanza. Ni Mwarabu wa hapa hapa mtaani, baba yake na babu yake waliuza kwenye duka lile lile, na ubani wangu ni kwake siku zote.

"We mwanamke," akaniita kutoka ndani ya duka, "Alhamisi hii hukuja. Umemwacha yule mzee wa watu?"

"Nimempumzisha."

"Umempata mwingine!"

"Kama nimempata mwingine si ningekuja kununua ubani mara mbili?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku anafunga sukari kwenye vikaratasi. Mwisho akasema, "Kwa hiyo mtoto wa watu anahangaikia kitu ambacho kikikamilika hakionekani?"

"Ndiyo."

"Basi huyo kaolewa," akasema, "kazi za mke ndivyo zilivyo," tukacheka mpaka mteja akaondoka.

Ijumaa ile nilikaa mlangoni nangojea viatu. Akavipanga. Lakini safari hii aliongea mwenyewe: "Imelia, bibi. Imelia kidogo, halafu ikakatika." Akakaa karibu nami. Akasema vidoa vimepungua sana, na kwamba ameniona nilivyofanya na chetezo. Nikamwambia aseme tatizo limebaki wapi. Akasema moshi bado unaingia. Ubani haupo tena, ni moshi wa mtaa. Pale kwetu nyumba zimepakana, mtu akipiga chafya huku anaombewa rehema kule. Kuna jirani anakaanga mihogo kwa kuni kila jioni mbele ya mlango wake. Kuna wanaochoma taka. Kuna anayewasha majani kufukuza mbu.

"Na unga?" nikamuuliza.

Akaniletea kichupa. Umebaki wa mara moja. Na siku ya kuonyesha kazi ilikuwa Ijumaa inayofuata.

Alhamisi hiyo sikulala baada ya adhuhuri kama kawaida yangu. Nilijifunga kanga yangu ya kutokea, nikaanza nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho ya kichochoro chetu. Sina maneno mengi. Nikifika nasema: leo kuanzia sasa mpaka magharibi msiwashe moto wa kuni wala wa takataka, mjukuu wangu ana kazi yake ya chuo, haitaki moshi. Wengi walisema haya bibi, kwa sababu wananiogopa. Wengine walisema haya bibi kwa sababu mimba zao nilizijua kabla ya mama zao.

Wa mihogo ndiye aliyenisumbua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo usiwashe mpaka magharibi."

"Bibi jamani! Na wateja wangu wa jioni?"

"Wana meno, watasubiri."

"Wana meno, ndiyo, lakini wana na miguu. Wataenda kule chini."

Hapo alikuwa na haki, na mie mtu mwenye haki simwonei. Nikasimama nafikiri. Ndipo shoga yangu, aliyekuwa anatusikiliza toka dukani kama tunaigiza kwa ajili yake, akapaza sauti: "Mpe jiko langu la gesi! Lakini mwambie likirudi na mafuta, yeye ndiye atakayelisugua. Kwa mchanga!"

Mama mihogo akakaangia gesi siku hiyo, na aliniambia baadaye kwamba iliiva vizuri zaidi, ila wateja walilalamika haina ladha ya moshi.

Shoga yangu hakuishia hapo. Akatoa kiti cha plastiki akakiweka pembeni ya kichochoro, akakaa na fimbo ya kufungulia milango ya duka. Mtu akikokota jani moja na kiberiti, anamkemea: "Zima hiyo! Kapasita amelala!" Sauti yake ile inafika uwanja wa ndege. Kabla ya alasiri watu wawili walikuja kunipa hongera, na mmoja akauliza ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia bado hatujamwona vizuri, yuko ndani.

Chumbani tulinyunyizia maji sakafuni vumbi likae. Mjukuu akajifunga kichwa kwa kanga yangu mpya. Mie nikakaa kwenye kiti karibu na mlango, nikaambiwa nisitikise nguo. Akachanganya uji wake. Akadondosha. Akawasha feni. Nilisikia tu ule mvumo mdogo, halafu ukasimama, na alipoinua shaba kwenye mwanga wa dirisha, utando ulikuwa umetulia kama uso wa maziwa kabla hayajaguswa. Akauweka chini ya chandarua. Tukangoja. Ndege zikapita juu, moja baada ya nyingine, na kila ikipita anaitazama dari kana kwamba itadondosha kitu. Nje nikasikia shoga yangu anamtukana mtu kwa heshima.

Uliponata akabandika shaba ya pili, kitambaa cha juu, kitambaa cha chini. Akashika matofali.

"Hayo matofali," nikamwambia, "yanabana sawasawa?"

"Upande mmoja yanalemea. Ndivyo yalivyo."

Nikatazama meza. Nikasimama, nikaenda kwenye jiliwa, nikashika mpini wake. Haukukubali. Nikauomba kwa mafuta ya nazi kidogo, nikashika tena kwa mikono miwili, ukalia kama mtu aliyeamshwa, ukazunguka. Kile kipande cha mpingo kikaniangukia kiganjani. Kilikuwa kimeanza kuchongwa upande mmoja tu, bega la mtu labda. Nikakitia kwenye pindo la kanga.

Mjukuu alikuwa amesimama na ubao wake kama ameshika mtoto wa watu.

"Bibi, ulisema lisiguswe."

"Nilisema wewe usiliguse. Lete."

Tukauweka kati ya mbao mbili laini za babu yake. Nikamwachia mpini.

"Kaza. Taratibu. Babu yako alikuwaga anasema mbao inaambiwa, haigombezwi."

Akakaza kidogo, akanitazama. Akakaza kidogo. Gundi ikatoka pembeni uzi mwembamba, kote sawa. Nikamwambia basi.

Ijumaa asubuhi alilifungua mwenyewe. Akaufunga ubao kwenye leso yangu, akaniambia shikamoo badala ya kwaheri, akaondoka. Sikumwambia kila la heri. Nilimwambia akumbuke kuwa leso ile ni ya Iddi.

Siku hiyo ilikuwa ndefu na haikuwa na kazi ya kutosha. Nilipika, nikaosha, nikaswali. Nikawasha jiko la mkaa kwa ajili ya maharage. Begi lake nililiona juu ya kitanda chake limekunjwa, tupu, nikaligeuza upande wa pili lisinitazame. Jioni nikakaa uani, mgongo kwa mlango, kwa sababu nilisema sitatazama viatu vya mtu leo.

Nikasikia mlango. Nikangoja kamba za viatu, hazikufunguliwa. Nikangoja virushwe, havikurushwa. Akapita ukumbini moja kwa moja na viatu vyake, jambo ambalo katika nyumba yangu halijawahi kufanyika, akaingia chumbani kwangu. Nikasikia kiti kinaburutwa hadi kwenye kabati. Nikasikia mtu anapanda.

Akatokea uani na chetezo mkononi, kanga niliyokifungia ameitupia begani. Akachutama mbele ya jiko langu, akachagua makaa kwa koleo, kaa kubwa, kaa dogo, kama anavyoniona nikifanya. Toka mfukoni akatoa ubani ndani ya kikaratasi, na ufungaji ule niliujua ni wa duka gani.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Zamu yangu leo, bibi. Mume ni wetu sote, na jana amekosa."

Moshi ukapanda. Akatangulia chumba cha uani, mie nyuma yake, akafukiza patasi, akafukiza tupa, akafika kwenye jiliwa akasimama hapo hapo ninapo­simamaga mie. Halafu akafungua leso, akatoa ubao. Ulikuwa na vidude vichache juu, nyaya mbili, betri na spika ndogo kama kifungo cha koti. Akabonyeza. Ukalia. Mlio mwembamba, mwembamba sana, kama mbu aliye karibu na sikio, lakini haukukatika.

Na mtoto yule akaushusha ubao juu ya chetezo, ndani ya moshi kabisa.

"Utakiharibu!" nikamdaka mkono.

"Hakiharibiki tena, bibi. Kiko ndani sasa. Moshi hauna pa kuingilia." Ukaendelea kulia huku moshi unauzunguka. Akasema mwalimu ameomba akae na ubao huo wiki ijayo, awaonyeshe wanafunzi wengine. Akasema ameshampigia mama yake. Akasema hayo yote bila kunitazama, maana macho yalikuwa yamemjaa maji, na akasingizia ubani.

Nikatoa kile kipande cha mpingo kwenye pindo la kanga, nikakiweka mezani mbele yake, kiwe chake.

Halafu nikamwambia azime kelele, mume wetu hakuwahi kupenda mbu. Akazima. Chumba kikanyamaza, ubani unapanda polepole kwenda kwenye dari.

Nikamwambia awashe tena.